Aliyekaa Nyuma

Bwera, 12 Februari 2025

Kwa Madamu Acen,
Ofisi ya Msaada wa Sheria, Kasese

Madamu, pokea salamu zangu, ingawa hunijui. Ninaitwa Tsongo, mwendesha bodaboda wa Bwera, au tuseme nilikuwa. Nilikusikia redioni ukisema mtu mwenye jambo la sheria asione haya, apige simu au aandike. Kupiga siwezi. Simu ya hapa nyumbani ni ya shemeji yangu Eseri, na nyumba yenyewe ni vyumba viwili na pazia moja. Ukikohoa huku, kule wanakwambia pole. Kwa hiyo ninaandika. Barua ataileta David, anayepeleka vitunguu Kasese kwa pikapu kila Jumatano.

Mwezi wa kumi mwaka jana tulipata ajali, mimi na kaka yangu mkubwa Caleb, mume wa Eseri. Tulikuwa tumekwenda Kitswamba kutazama mahindi ya kununua, tukawa tunarudi Bwera na mvua inanyesha. Tulipokaribia Kinyamaseke, pikipiki ilikuwa inalipita lori la chumvi, na gari likatokea mbele. Caleb alifariki palepale barabarani. Mimi nilikatwa mguu wa kulia chini ya goti.

Pikipiki ilikuwa moja, yetu sote wawili, na bima yake ilikuwa haijaisha. Polisi wameandika kwamba aliyeendesha ni Caleb. Walikuta leseni yake ndani ya jaketi alilovaa. Mimi wakati huo nilikuwa sina fahamu, kwa hiyo sikuulizwa chochote.

Sasa naishi hapa kwa Eseri na watoto watatu. Namenya mihogo, namenya viazi, kila kinachomenyeka namenya. Nikipata fidia nitanunua mguu wa bandia na niache kulishwa na mjane wa kaka yangu.

Swali langu ni fupi, Madamu. Aliyekaa nyuma anapata nini?

Mimi,
Tsongo

*

Kasese, 19 Februari 2025

Ndugu Tsongo,

Barua yako ilinitoa machozi kabla sijaifungua. Mwambie David aache kuzichomeka katikati ya vitunguu.

Pole sana kwa kaka yako, na pole kwa mguu. Samahani kama Kiswahili changu ni cha kambini. Baba yangu, mzee Otim, alitoka kaskazini kuja kuchimba mgodini, na sisi watoto wa kambi tulikua na lugha hii moja iliyotuunganisha na kila mtu. Lugha yenu ya Lhukonzo kwangu haivuki soko la nyanya.

Sasa sheria. Bima ile ya lazima haimlipi dereva aliyesababisha ajali. Inawalipa wengine walioumizwa, na abiria yumo. Kwa hiyo kama ulikuwa umekaa nyuma, unayo haki ya kudai. Utaleta ripoti ya polisi, karatasi ya daktari inayosema ulemavu wako ni wa kudumu na ni wa kiasi gani, na hati ya kiapo. Kiapo ni maneno yako mwenyewe: ulikaa wapi, nani aliendesha, uliona nini. Utayasoma, utaapa, utatia sahihi mbele ya afisa wa viapo. Usikawie, maana madai haya yana muda wake na muda ukipita hata mimi siwezi kuurudisha.

Pili, nenda sabukaunti kwa afisa wa maendeleo ya jamii akuandike katika orodha ya watu wenye ulemavu. Watu wengi wanaona aibu kuandikwa. Aibu haijawahi kumnunulia mtu magongo. Wiki hii nimemjibu mfanyabiashara anayeomba atangazwe mufilisi huku ana maduka mawili yamejaa bidhaa, na yeye haoni aibu hata kidogo, sembuse wewe.

Niandikie maelezo yako kwanza, kwa mkono wako, nami nitayapanga. Na uniambie: wewe mwenyewe unayo leseni?

Wako,
Acen

*

Bwera, 12 Machi 2025

Madamu Acen,

Asante. Nimekwenda sabukaunti, nimeandikwa. Karani aliniuliza ulemavu wa aina gani, nikamwambia atazame chini ya meza. Alicheka hadi akaharibu fomu, ikabidi aandike nyingine.

Maelezo ni haya. Tulitoka Kitswamba saa nane mchana. Caleb alikuwa mbele, mimi nyuma. Mvua ilianza baada ya Kasese. Tulipokaribia Kinyamaseke kulikuwa na lori la chumvi linakwenda polepole, na maji ya tairi zake yanaturukia usoni. Caleb akatoka kulipita. Gari lilikuja. Nilikanyaga na hakuna kilichoshika, tukateleza, na baada ya hapo ni hospitali.

Daktari ameandika karatasi yake. Anasema mguu ulipondwa kuanzia kwenye unyayo. Nilimwuliza kama ni kawaida mguu usiokuwepo kuendelea kufanya kazi. Akasema wengi huhisi maumivu. Mimi si maumivu, Madamu. Nikikaa mlangoni mchana, namenya mihogo na jua linawaka, ghafla unyayo ule unakanyaga breki. Unakanyaga kwa nguvu mpaka paja linatetemeka na kisu kinaanguka. Watoto wameshazoea, wanakiokota na kunirudishia.

Na kuna jambo lingine ambalo sijamwambia mtu. Nikishika kalamu kuandika maelezo haya, mtu ananigonga begani. Bega la kulia, mara mbili, kidogo tu. Nageuka, hakuna mtu. Kuna ukuta, msumari, na jaketi la Caleb ambalo Eseri amelitundika pale. Barua hii nimeianza mara sita. Je, hilo nalo liingie katika maelezo?

Kuhusu leseni, tutaongea.

Tsongo

*

Kasese, 19 Machi 2025

Ndugu Tsongo,

Nimesoma barua yako mara mbili, nikaiweka, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikaisoma tena.

Abiria hana breki.

Sikuulizi kitu. Jambo kama hili haliulizwi kwa barua inayopita mikononi mwa mwuza vitunguu. Lakini kazi yangu ni kukueleza sheria, basi nitakueleza yote, hata sehemu ambayo hukuiomba.

Anayeapa uongo anafungwa. Hiyo moja. Anayeendesha bila leseni na mtu akafa, ana kesi ya kujibu, na mimi siwezi kukuahidi hakimu atasema nini, ingawa mahakimu huwatazama kwa jicho tofauti wanaokuja wenyewe. Na ya mwisho, ambayo naona hukuifikiria kabisa: kama Caleb ndiye aliyekuwa amekaa nyuma, basi mjane wake na watoto wake ndio wenye haki ya kudai. Kampuni ya bima itabisha, itasema dereva hakuwa na leseni, lakini tutapambana nayo. Mtu akiapa kwamba Caleb alikuwa mbele, mlango huo unafungwa kwa Eseri na watoto wote watatu.

Nitakuambia kitu cha nyumbani kwetu. Baba yangu aliwahi kutia sahihi karatasi kwamba mwenzake aliyefia shimoni ndiye aliyekosea kufunga nguzo. Nguzo ile alifunga baba. Alibaki na kazi, akatusomesha, na mimi ni mwanasheria kwa sababu ya sahihi ile. Lakini kuanzia siku hiyo hakukaa tena kwenye kiti kilichopakana na ukuta. Alisema ukuta unapumua. Tuliishi na mzee anayekula chakula chake katikati ya chumba, na aliponieleza sababu alikuwa amebakiwa na siku tisa za kuishi. Nilimpenda sana na bado namkasirikia.

Kuhusu kugongwa begani, hapana, hilo haliingii katika maelezo. Lakini wewe unajua maana yake. Mimi sijui.

Acen

*

Bwera, 30 Aprili 2025

Madamu Acen,

Nimekaa kimya wiki sita kwa sababu umeniita mwongo kwa maneno ya kistaarabu. Hata abiria hukanyaga. Mpakie mtu yeyote nyuma ya pikipiki, umwonyeshe gari linakuja, uone kama miguu yake itatulia.

Unataka maana ya kugongwa. Haya, nitakwambia, lakini nazungumzia wenzetu wengine wa stendi. Wapo ndugu wanaomiliki pikipiki moja na leseni moja. Mwenye leseni akichoka, asiye nayo anaendesha. Wakikaribia kizuizi cha polisi, yule wa nyuma anamgonga mwenzake begani mara mbili, wanasimama kichakani, wanabadilishana: kiti, helmeti, na jaketi lenye leseni. Wanapita mbele ya afande wakiwa safi kabisa. Baada ya kona wanabadilishana tena. Hapa Bwera jambo hilo ni la kawaida na hakuna anayeliona kuwa dhambi.

Sasa unajua maana yake. Unafurahi?

Caleb amekufa. Ukimwandika mbele au nyuma hatafungwa, hatapigwa faini, hatakatwa kitu kingine. Mimi niko hai na nina mguu mmoja. Nikifungwa, nani atawachotea maji watoto wake? Eseri analima shamba la watu. Fidia nikiipata mimi, si watakula wao? Nimeipiga hesabu hii kila siku na kila siku jibu ni lilelile, na bado nagongwa. Sasa ni hata nikiwa naoga.

Nakuja Alhamisi tarehe 22 Mei. David amekubali kusafiri siku hiyo kwa ajili yangu. Eseri atanisindikiza kwa sababu kupanda pikapu peke yangu siwezi. Andaa afisa wako wa viapo. Nitaapa kwamba nilikuwa nyuma, na kama hutaki kunisaidia, Kasese ina wanasheria wengine.

Tsongo

*

Bwera, 14 Mei 2025

Kwako Dada Acen,

Mimi ni Eseri, mama Ronah, mke wa marehemu Caleb. Simu ninayo, lakini Tsongo hukaa mlangoni kutwa nzima na pazia ni lilelile. Samahani kwa mwandiko. Nimeandikia shambani, juu ya jembe.

Tsongo hajui kwamba nasoma barua zako. Anazificha ndani ya helmeti, na helmeti mimi ndiye ninayeipangusa vumbi. Usimwambie.

Nataka nikueleze kuhusu jaketi. Huku kwetu mwendesha pikipiki hulivaa kinyumenyume, mbele linakuwa nyuma, ili upepo usimwingie kifuani. Ukilivaa hivyo huwezi kujifungia zipu, lazima mtu akufungie mgongoni. Kwa miaka kumi na mmoja nilimfungia Caleb zipu kila asubuhi mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yetu. Abiria, yeye hulivaa kama mtu yeyote.

Siku ile nilifika hospitali wakanipeleka kwa Caleb. Alikuwa bado amevaa jaketi, na zipu ilikuwa mbele, imefungwa hadi kidevuni. Nilijua hapohapo. Polisi wa mjini anaona leseni. Mimi niliona zipu.

Sikusema. Kwanza kwa sababu Tsongo alikuwa kitandani anakatwa mguu, ningesemaje? Halafu zikapita siku, na akarudi nyumbani, na kila nilipoweka chakula mbele yake nikangoja aseme. Nimengoja miezi saba. Nilitundika jaketi lile ukutani ili alione. Anapita mbali nalo. Hata kwa magongo anazunguka meza yote asiliguse.

Kanisani wanasema Caleb alijiua kwa mbio. Mama mkwe amelibeba neno hilo hadi limemwinamisha mgongo. Ronah aliambiwa shuleni kwamba baba yake ndiye aliyemkata ankoli mguu. Alirudi akamwomba Tsongo msamaha, Dada. Akapiga magoti akamwomba msamaha kwa niaba ya baba yake. Tsongo alimwambia, "Inuka, mama, yameisha." Siku hiyo nilimchukia.

Lakini si siku zote. Anawaogesha watoto, anawachekesha, anakataa kula kabla hawajashiba. Akifungwa nitabaki na nani? Kwa hiyo naomba uniambie ukweli: akisema kwamba yeye ndiye aliyekuwa mbele, watamfanya nini? Kama watamfunga miaka mingi, basi mwache aape tu. Nimeshampoteza mmoja kwenye barabara ile.

Ni mimi,
Eseri

*

Kasese, 14 Mei 2025

Dada Eseri,

Naandika haraka, David anapakia.

Sijui watamfanya nini. Ningekudanganya kama ningesema najua. Inaweza kuwa faini, inaweza kuwa kifungo, na mtu aliyejipeleka mwenyewe huwa ana nafasi nzuri kuliko aliyefichuliwa. Nitasimama naye mahakamani bila malipo. Hilo naweza kuahidi.

Kiapo chake sitakishughulikia. Lakini sitamwambia unachokijua, kwa sababu hicho si changu. Unaweza kunyamaza, unaweza kumwambia. Alhamisi nitakuwa ofisini kuanzia saa tatu.

Acen

*

Kituo cha polisi, karibu na Kinyamaseke
22 Mei 2025

Madamu Acen,

Najua umetungoja tangu saa tatu. Hatukufika Kasese. Afande mmoja hapa amenipa kalamu na karatasi mbili, na nyuma ya hii kuna orodha ya mbuzi waliopotea, usiijali.

Tulitoka Bwera asubuhi. Mbele kwa David kulikuwa kumejaa magunia, kwa hiyo mimi na Eseri tulikaa nyuma juu ya vitunguu. Hati niliyoiandika ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeikariri. Mawingu yalikuwa yameshuka, na kabla ya Kinyamaseke manyunyu yakaanza. Nilikuwa nimeipa barabara mgongo. Sikuwa nimepita pale tangu siku ile.

Eseri akafungua mfuko wake akatoa jaketi la Caleb. Akasema, "Vaa, utapata baridi." Nikasema sisikii baridi. Akasema, "Tsongo, vaa." Nikanyoosha mikono nyuma kama mtu anayevaa shati. Akasema, "Sivyo. Hivi." Akaligeuza. Akaniingiza mikono kwa mbele, akaja nyuma yangu, akanifunga zipu kutoka kiunoni hadi shingoni. Alifanya polepole, kama mtu anayekumbuka kazi ya zamani. Halafu akanigonga begani mara mbili.

Sikumwuliza kama aliijua ishara yetu. Labda Caleb alimwambia. Labda alikuwa ananipigapiga tu, kama mtu anavyompigapiga mtoto aliyemaliza kuvalishwa. Nilimgeukia na alikuwa analia bila sauti, na nikaelewa kwamba amejua siku zote. Chakula chote kile, Madamu. Miezi saba.

Nilipiga bati la pikapu kwa gongo mpaka David akasimama. Kizuizi kilikuwa mbele, hatua mia moja tu. Niliteremka na kwenda. Afande akaniambia, "Weye mulemavu, pita, hakuna mutu amekusimamisha." Nikamwambia ajali ya mwezi wa kumi, ya lori la chumvi, mimi ndiye niliyeendesha. Akasema, "Ile kesi ilisha. Dereva alikufa. Kwenda kwenu." Nikasema siendi. Akafoka, "Kaa chini!" Nikakaa chini kwenye lami. Ndipo akaita mkubwa wake, na sasa niko hapa kwenye benchi. Wamekuwa wazuri. Hawajui wanifunge pingu wapi, maana mikono ninaihitaji kwa magongo.

Nimewaambia yote, na wewe nakuambia kwa sababu nilikudanganya. Caleb alishikwa na homa kule Kitswamba. Alikuwa anatetemeka hata meno yanagongana. Nikamwambia leo mimi mbele, wewe vaa jaketi na ulifunge vizuri. Alinishika kiuno njia nzima, na joto lake nililisikia mgongoni kupita kwenye shati lililolowa. Tulipokaribia kizuizi alinigonga mara mbili. Nilisikia. Nikajisemea huyu ni mgonjwa, ataishikaje pikipiki, acha nijifiche upande wa pili wa lori tupite bila afande kutuona. Akanigonga tena, mara mbili. Sikusimama. Nikatoka kulipita lile lori.

Hilo ndilo kosa langu, na sijui kama sheria yenu ina jina lake.

Eseri amekaa nje kwenye ngazi na vitunguu vya David. Amesema atangoja hadi wanieleze nitalala wapi. Nimempa ile hati niliyoiandika, ameichana na kuitia mfukoni, kwa sababu hapa hakuna pa kutupa takataka. Bado nimevaa jaketi. Siwezi kulivua mwenyewe, zipu iko mgongoni, na sijataka kumwita mtu.

Katika barua yangu ya kwanza nilikuuliza swali moja, na wewe ukanijibu kwa uaminifu ingawa swali lenyewe lilikuwa la uongo. Naomba uandike jibu upya, kwa jina la Eseri na la watoto wote watatu, maana aliyekaa nyuma ni Caleb.

Aliyekaa nyuma anapata nini?

Mimi niliyekuwa mbele,
Tsongo